Chuo Kilichozaliwa na Dini, Je, Lazima Kiiache?

Mzazi Mkristo ampelekapo mtoto wake chuoni huwa na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha yake huwaonyesha jirani wote. Hofu yake huificha. Aogopa kwamba yule atakayerudi siye yule aliyeondoka; kwamba atarudi na shahada mkononi, lakini Jumapili asubuhi atalala hadi jua liwe utosini, na akiulizwa atacheka. Barua nyingi za wazazi zinazotufikia zinagusa jambo hili, ijapokuwa aghalabu zinaanza kwa habari ya karo.

Hofu hiyo si ya Wakatoliki peke yao. Leo twapenda kuitazama kwa watu ambao wengi wetu tunawajua kwa jina tu, yaani Wamenonite, na hasa katika vyuo vyao vya Marekani. Twafanya hivyo kwa sababu huko swali lenyewe liliulizwa bila kuzungushwa, na mara moja likafunga hata milango ya chuo kizima. Je, chuo kilichojengwa na watu washikao dini kwa bidii hakina budi kuiacha dini hiyo kadiri kinavyokua?

Wako wajibuo kwamba ndivyo, wala hawakosi mifano. Harvard ilianzishwa mwaka 1636 na Wapuritani waliotaka wachungaji wao wawe watu wa elimu. Yale ikafuata mwaka 1701, na baadhi ya waliounga mkono kazi hiyo waliona kwamba Harvard imekwisha kulegea. Leo si chuo hiki wala kile kimwulizacho profesa wake anaungama imani gani. Padre James Burtchaell, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alitoa mwaka 1998 kitabu kinene kiitwacho The Dying of the Light, akifuata habari za vyuo kumi na saba vya madhehebu mbalimbali, vya Kikatoliki vikiwamo. Alionyesha jinsi vilivyoachana na makanisa yao polepole, pasipo ugomvi mkubwa, na mara nyingi kwa mikono ya watu walioyapenda makanisa hayo. Wamenonite hawamo katika orodha yake. Basi na tuwatazame sisi.

Wasomaji wetu wa upande wa Mara hawahitaji kuelezwa Wamenonite ni nani. Wamisionari wao wa kwanza walifika Tanganyika mwaka 1934, wakajenga Shirati karibu na Ziwa Viktoria, na hospitali yao huko inajulikana na watu wa dini zote. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wao wa kwanza Mwafrika. Wale wamisionari walitumwa na ndugu zao wa Lancaster, katika jimbo la Pennsylvania, watu wa mashamba, wanaume wakivaa koti lisilo na ukosi na wanawake wakifunika vichwa. Msomaji na alikumbuke jina hilo la Lancaster, maana tutalirudia.

Asili yao ni ya mbali zaidi. Mwaka 1525, katika mji wa Zürich, vijana wachache walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema kwamba Kanisa ni la wale waliochagua wenyewe kumfuata Kristo. Na wengi wa wafuasi wao wakakataa upanga na kiapo. Jina lao linatokana na Menno Simons, ambaye alikuwa padre katika nchi ya Wafrisia hadi mwaka 1536 alipouacha upadre wake. Michael Sattler, mmoja wa viongozi wao wa awali, alikuwa priori wa monasteri ya Wabenediktini. Huyo aliuawa mwaka 1527 kwa amri ya mahakama ya watawala Wakatoliki. Yatupasa kulisema hilo waziwazi, maana watu hawa waliuawa na Wakatoliki na Waprotestanti vilevile. Mazungumzo yaliyofanywa kati ya Kanisa letu na Wamenonite wa dunia tangu 1998 hadi 2003 hayakulificha.

Katika masimulizi yao liko moja ambalo kila mtoto wa Kimenonite hulijua. Mwaka 1569, huko Uholanzi, mtu aitwaye Dirk Willems alikuwa akikimbia ili asikamatwe kwa ajili ya imani yake. Alivuka maji yaliyoganda kwa baridi, naye aliyemfukuza akazama barafu ilipovunjika. Willems akarudi, akamvuta, akamwokoa. Kisha akakamatwa na kuchomwa moto. Twaomba msomaji alishike tukio hilo, kwa kuwa asemaye kwamba vyuo vya Wamenonite vimeacha mizizi hana budi kutuambia kwanza mizizi hiyo ni ipi: ni koti lisilo na ukosi, au ni mkono ule uliomvuta adui kutoka majini?

Kwa muda wa miaka zaidi ya mia tatu watu hawa hawakuona haja ya vyuo vikubwa. Walikimbia kutoka nchi hadi nchi, wakalima, wakasoma Maandiko nyumbani. Wachungaji wao waliteuliwa miongoni mwa wakulima wenyewe, mara nyingi kwa kura, wala hawakulipwa mshahara. Tena walikumbuka kwamba waliowahukumu babu zao walikuwa mabwana wenye elimu kubwa. Mtu wa namna hiyo akisikia neno “chuo kikuu” hafurahi upesi.

Walakini watoto wao walikuwa wamekwisha kuanza kwenda katika shule za wengine, na hapo ndipo vyuo vilipozaliwa. Bethel, katika jimbo la Kansas, ilipata hati yake mwaka 1887 na kufungua madarasa mwaka 1893. Taasisi ya Elkhart ilianza Indiana mwaka 1894. Bluffton ilianzishwa Ohio mwaka 1899, Tabor mwaka 1908, Hesston mwaka 1909, zote mbili Kansas. Shule ya Harrisonburg, Virginia, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite, ilianza mwaka 1917, nayo iliundwa na watu waliotaka ukali zaidi, wasioridhika na mwendo wa ndugu zao wa Indiana. Hadithi ya Harvard na Yale ikarudiwa katika nyumba ndogo.

Jambo moja katika habari hiyo wengi hulipita bila kuliona. Vyuo hivi havikukuta vijana wametulia zizini na kuwatoa nje. Vijana walikuwa wamekwisha kutoka, na chuo kilikuwa ni ua uliojengwa ili warudi, au angalau wasiende mbali. Ua ukijengwa baada ya mbuzi kutoka, si haki kuushtaki kwamba ndio uliowatoa.

Taasisi ya Elkhart ilihamia mji wa Goshen mwaka 1903, ikaitwa Chuo cha Goshen. Mkuu wake Noah Byers alikipa wito wa kuunganisha elimu na utumishi: kijana asome si kwa ajili ya kujikweza bali kwa ajili ya kuwafaa wengine. Neno zuri, wala hakuna mzee aliyelipinga. Lakini chini ya neno hilo kulikuwa na mambo mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi. Walimu walikuwa vijana waliorudi kutoka vyuo vikuu, wakaona kwamba Kanisa lao linaweza kuwa na uso mpya: misheni, muziki, michezo, midahalo, pengine na namna mpya za kuyasoma Maandiko. Wazee waliowapelekea watoto na fedha walitaka mtoto arudi na elimu, na kila kitu kingine kibaki kama kilivyokuwa. Waligombana juu ya mafundisho na juu ya kofia za wanawake pia. Tusizicheke zile kofia, maana kwa watu ambao hawana sanamu wala mavazi ya ibada, vazi la kila siku ndilo lililokuwa ishara yao.

Byers aliondoka mwaka 1913 akaenda Bluffton, na walimu wengine wakamfuata. Mkuu aliyemrithi alikiendesha chuo kwa matumaini makubwa na kukiacha na madeni makubwa. Wakuu wakabadilishana upesi, imani ya makutaniko ikapungua, na mwaka 1923 bodi ikafanya jambo ambalo ni wachache wangelithubutu: ikakifunga chuo kwa mwaka mzima. Wanafunzi wakatawanyika, wengine hawakurudi kamwe, si chuoni tu, bali hata katika Kanisa lao. Msomaji apime mwenyewe hesabu hiyo. Ili kuwalinda vijana wasipotee, wazee walifunga mlango, na baadhi ya vijana wakapotea kwa sababu ya mlango kufungwa.

Lakini mwaka 1924 kilifunguliwa tena. Mkuu mpya, Sanford Yoder, alikuwa askofu mwenye kuaminiwa na makutaniko. Pamoja naye akaja mwalimu kijana, Harold Bender, ambaye mkewe alikuwa binti wa mwanahistoria John Horsch, adui mkali wa mawazo mapya katika dini. Bender alisoma Princeton, kisha akapata udaktari wake Heidelberg, katika Ujerumani. Kwa hesabu ya wale wasemao kwamba elimu ya juu lazima iondoe imani, huyu ndiye aliyepaswa kupotea wa kwanza. Alivyofanya ni kinyume. Alifungua kumbukumbu za karne ya 16, mwaka 1927 akaanzisha jarida la historia ya Wamenonite, na mwisho wa mwaka 1943, akiwa rais wa chama cha wanahistoria wa Kanisa katika Marekani, akatoa hotuba yake mashuhuri huko New York juu ya maono ya wale Wanabaptisti wa kwanza. Alisema kiini chao kilikuwa mambo matatu: kumfuata Kristo katika maisha yote, Kanisa lililo udugu wa hiari, na upendo usioshika silaha.

Hotuba hiyo iliwarudishia Wamenonite wengi babu zao. Ni chuo kilichofanya kazi hiyo, wala si kijiji. Wazee wa mashamba walikuwa wameshika mavazi na desturi kwa uaminifu unaostahili heshima, lakini wengi wao wasingeweza kumweleza kijana kwa nini babu yake alikubali kuchomwa moto. Mjukuu alihitaji kwenda maktaba ili amjue. Basi, kama ni kweli kwamba mwacha asili ni mtumwa, ni lazima pia tukiri kwamba wako watu waishio juu ya asili yao kama mtu aishiye juu ya kisima kilichofunikwa, asijue yaliyomo.

Wakati huohuo wa vita ulionyesha jambo jingine lenye uchungu. Serikali ya Marekani iliwaruhusu waliokataa kupigana watumikie katika kambi za kazi za kiraia. Kati ya vijana wa Kimenonite walioitwa jeshini, karibu nusu ndio waliochagua kambi hizo. Wapatao wanne katika kila kumi walikubali kushika silaha kama vijana wengine, na waliosalia wakaingia jeshini kwa kazi zisizo za silaha. Na wengi wa vijana hao hawakuwahi kuketi katika darasa la chuo chochote. Walitoka mashambani na katika makutaniko yao wenyewe. Nani aliyewafundisha kuacha mizizi? Jirani, gazeti, redio, bendera shuleni, haya ya kuitwa mwoga dukani. Mkondo wa bahari huchukua mashua zote, iliyo na nahodha msomi na isiyo naye.

Mtu ataweza kutujibu: basi dawa ni kukataa vyuo kabisa, kama walivyofanya Waamish, walio ndugu wa karibu wa Wamenonite. Jibu hilo si la kudharau. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waamish walikuwa maelfu machache tu. Leo ni wapatao 400,000, na wengi wa watoto wao hubaki. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, iliwapa haki ya kuwatoa watoto shuleni baada ya darasa la nane. Lakini na tutazame ni nani waliowasaidia kuishinda kesi hiyo. Wakili wao, William Ball, alikuwa Mkatoliki mwenye shahada ya sheria. Mtaalamu aliyetoa ushahidi juu ya maisha yao, John Hostetler, alizaliwa Mwamish, akaacha njia ile, akasoma Chuo cha Goshen, akaendelea hadi udaktari. Hatusemi hivi ili kuwaaibisha watu wanyenyekevu. Twasema tu kwamba jamii isiyo na wasomi wake, siku ya shida huwaazima wasomi wa wengine. Na jamii zote zikifanya hivyo, hatabaki wa kuazimwa.

Tuje sasa katika nyakati za karibu, ambapo maneno ni makali zaidi. Ni kweli kwamba vyuo hivi vimebadilika sana. Koti na kofia vimekwisha. Ala za muziki zilizokatazwa zamani sasa zinafundishwa kwa shahada. Si kila badiliko lilikuwa hasara. Mwaka 1948 chuo cha Harrisonburg kilimpokea mwanafunzi mweusi, wakati ambapo vyuo vya wazungu katika Virginia vilikuwa vimefunga milango. Atakayesema kwamba hapo kiliacha mizizi, na asome tena habari za Pentekoste. Tangu mwaka 1968 Goshen imewapeleka wanafunzi wake kuishi na kutumika kwa miezi kadhaa katika nchi nyingine, wakilala katika nyumba za familia za huko. Katika miaka ya 1990 Eastern Mennonite ilianza kufundisha kazi ya upatanisho kama somo kamili. Leymah Gbowee wa Liberia, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011, alisoma huko. Ule mkono uliomvuta adui kutoka majini ulikuwa umepata darasa lake.

Kuna kisa kidogo ambacho sisi twakiona kikubwa. Goshen haikuwa na desturi ya kupiga wimbo wa taifa kabla ya michezo, kwa kuwa wimbo ule wasifu vita. Mwaka 2010, ili kuwapokea vizuri majirani na wanafunzi wasio Wamenonite, chuo kiliamua kuupiga kwa ala bila kuimba. Wahitimu na wazazi wengi wakalalamika, na mwaka 2011 bodi ikaacha, ikatafuta wimbo mwingine. Wako waliokicheka chuo kwa kusitasita kwake. Sisi twaona jambo jingine: kamba ilivutwa, na mashua ikageuka. Kama mkondo ungelikuwa hauzuiliki, wasingeweza kuugeuza hata kwa wimbo mmoja.

Katika jambo la ndoa mashua haikugeuka. Mwezi Julai 2015 bodi za Goshen na Eastern Mennonite ziliamua kwamba waalimu na watumishi walio katika ndoa za jinsia moja wanaweza kuajiriwa. Vyuo vingine vya Kiinjili vilikasirika, na mwezi Septemba vyuo hivyo viwili vikajitoa katika baraza la vyuo vya Kikristo ili lisipasuke kwa ajili yao. Mafundisho ya Kanisa letu juu ya ndoa msomaji anayajua, wala hatuna haja ya kuficha kwamba uamuzi huo twauona kuwa si sawa. Lakini swali la leo si hilo peke yake. Swali ni: je, chuo ndicho kilichowavuta watu, au watu ndio waliokuwa wanakwenda huko? Mwaka uleule wa 2015 wale wa Lancaster, watumaji wa wamisionari wa Shirati, waliamua kujitoa katika Kanisa la Wamenonite la Marekani. Na mwaka 2022 wajumbe wa Kanisa hilo, wakikutana Kansas City, wakaifuta kanuni yao wenyewe iliyowazuia wachungaji kuzibariki ndoa za namna hiyo. Chuo kilitangulia miaka saba. Hatukioni kama mgeni aliyeteka nyumba. Twakiona kama mtoto mkubwa wa nyumba, asemaye mezani yale ambayo wengine wameanza kuyafikiri chumbani.

Tena yatupasa kutazama upande wa pili, kwa maana wengi husema juu ya kupotea kana kwamba kuna njia moja tu ya kupotea. Vyuo vya Tabor na Fresno Pacific, vya tawi liitwalo Ndugu Wamenonite, vimebaki na msimamo wa zamani katika jambo la ndoa. Lakini wako Wamenonite wanaolalamika kwamba huko mafundisho ya kutoshika silaha yamefifia, na chuo chafanana na chuo chochote cha Waprotestanti wa Kiinjili. Huyu ameshika kanuni ya familia akalegeza upanga. Yule ameshika amani akalegeza kanuni ya familia. Kila mmoja amwonyesha mwenzake kwa kidole kwamba ndiye aliyeacha mizizi. Na Wanabaptisti wa mwaka 1527 wangewakemea wote wawili.

Basi sisi twajibu nini? Twajibu kwamba hapana, kupotea si lazima. Lakini kubaki nako hakuji kwenyewe. Na katika mambo yanayokivuta chuo, mafundisho ya darasani si ya kwanza. Yanayotangulia ni matatu, yote ya nyumbani. Nani analeta watoto? Nani analipa? Nani anajitoa kufundisha? Zamani chuo cha Kimenonite kilijaa watoto wa Wamenonite, fedha zilitoka katika vikapu vya makutaniko, na walimu walikubali mshahara mdogo kwa kuwa walijiona wamo katika utume. Kisha familia zikahamia mijini, watoto wakawa wachache, na wale wachache wakaenda vyuo vya serikali vilivyo na karo ndogo. Chuo kikabaki na majengo na madeni. Kikatafuta wanafunzi mahali popote, fedha kwa yeyote, walimu kwa tangazo. Baada ya hapo wazazi walewale, ambao hawakupeleka mtoto wala shilingi, wakasimama mlangoni na kusema: chuo chetu kimetuacha.

Usemi huo twaufahamu sana, kwani tumeusikia vinywani mwetu. Mwaka 1967 wakuu wa vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Marekani walitamka, katika mkutano wa Land O'Lakes, kwamba vyuo vyao vinahitaji uhuru mbele ya mamlaka yoyote ya nje, ya Kanisa nayo ikiwamo. Mwaka 1990 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II akatoa hati ya Ex Corde Ecclesiae, na ndani yake akaagiza kwamba walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi kuliko Wakatoliki katika chuo cha Kikatoliki. Amri hiyo ni njema nasi twaiunga mkono. Lakini amri haizai walimu. Wanazaliwa katika nyumba zetu, na kila mzazi amwambiaye binti yake mwenye akili kwamba ualimu ni kazi ya maskini, atafute benki, amepunguza mmoja.

Hapa twaongeza neno ambalo tungependa kulinyamaza. Mtu anaweza kuilinda mizizi katika vitabu na kuikata katika matendo. John Howard Yoder, mwanateolojia aliyeufundisha ulimwengu, na Wakatoliki wa Notre Dame pia, juu ya amani ya Wamenonite, aliwadhulumu wanawake wengi kwa miaka mingi. Seminari yake ya Elkhart ilijua mambo kadhaa, ikayashughulikia kwa siri. Ni mwaka 2015 tu ilipofanya ibada ya kuomba msamaha hadharani, naye alikuwa amekufa tangu 1997. Hatuwanyoshei kidole, maana jeraha la namna hiyo tunalo na letu lanuka. Lakini mzazi aulizaye kama chuo kimebaki katika imani, akisoma orodha ya vitabu tu, hajauliza nusu ya swali.

Wakati vyuo vya Marekani vinahangaika kutafuta vijana, katika Ethiopia Kanisa la Meserete Kristos, lililofungwa na serikali ya Derg mwaka 1982 na kuendelea kwa siri katika nyumba za watu, limekuwa Kanisa kubwa kuliko yote ya Kimenonite duniani. Mara lilipopata uhuru, katika miaka ya 1990, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kufungua chuo. Hawakuona hatari katika elimu. Waliona hatari katika makutaniko yasiyo na waalimu. Kama miaka mia kutoka sasa chuo hicho nacho kitakuwa kimechukuliwa na mkondo, hakuna ajuaye, na sisi hatupigi ramli.

Huko Goshen, kanisa la chuo bado lajaa sauti nne za kuimba bila kinanda, desturi ya zamani ambayo hakuna bodi iliyoipigia kura. Wamenonite ni wachache kati ya wanafunzi. Wengine wengi ni watoto wa familia za Kilatini zilizokuja kufanya kazi katika viwanda vya Indiana, na miongoni mwao wamo Wakatoliki, ambao mama zao waliwafunga skapulari shingoni kabla hawajaondoka nyumbani. Wamo sasa katika madarasa yaliyofungwa mwaka 1923, wakijifunza uuguzi na ualimu, na Jumapili baadhi yao hutafuta parokia mjini, na baadhi hawatafuti.